Mnana kwenye Uwanja wa Tembo

Nianze, nisianze?

Anza, tumekaa!

Basi kaeni vizuri, maana hadithi hii ina aibu ndani yake.

Hapo zamani za kale Tembo alikanyaga msitu, akakanyaga, akakanyaga, mpaka akafungua uwanja mpana. Njia zote zikaelekea pale. Mnyama akitaka kitu anakwenda uwanjani kwa Tembo, asipokwenda, hakipati.

Mafundi nao wakahamia. Mnana, yule ndege mfumaji, akaja na vikapu vyake. Nungunungu akaja na vitana alivyotengeneza kwa miiba yake mwenyewe. Wakaketi bega kwa bega, wakaitana ndugu.

Tembo akawapa masharti matatu. Kila kazi ataishika kwanza kwa mkonga wake, aikubali au aikatae. Katika kila kazi tatu, moja ni yake. Na fundi asimwambie mteja anakoishi. Wakakubali. Wangefanyaje, na njia zote ni zake?

Siku moja Nungunungu akamnong'oneza Swala kuwa anakaa nyuma ya kichuguu, aende akachukue kitana huko huko. Tembo, na masikio yale, akasikia. Akawaita Nungunungu na Mnana mbele ya wanyama wote. Vikapu vipya vya Mnana vilikuwa bado mkongani, havijakubaliwa.

"Mnana, vitana vya huyu vinachoma watoto?"

Mnana akavitazama vikapu vyake.

"Vinachoma?"

"Sijui, mzee."

Tembo akavinyanyua vile vikapu juu kabisa. "Vinachoma?"

"Vinachoma," Mnana akasema, na alijua ni uongo.

Nungunungu akafukuzwa, njia ya kwake ikazibwa kwa gogo. Mnana akabaki na nafasi yake. Lakini kila aliposimama mteja mbele yake, Mnana alihisi anatazamwa mdomo uliosema uongo. Akajiambia kesho nitakwenda kuomba radhi. Kesho ikawa kesho kutwa, ikawa masika mazima.

Kumbe Tembo, kila alipokagua kikapu, alikuwa akikifumua ukindu mmoja mmoja, na wanawe wanatazama. Wakajifunza. Wakaleta vikapu vile vile, vikawekwa mbele. Vya Mnana vikasukumwa nyuma, karibu na mavi. Mnana alipolalamika, Tembo akawauliza wanyama kama vikapu vya Mnana vinakatika. Wakatazamana. Akauliza tena, wakasema hawajui. Akauliza mara ya tatu, wakasema vinakatika.

Mnana akaenda nyuma ya kichuguu, kichwa chini. Nungunungu akamkaribisha, akampa maji.

"Ndugu yangu, nilisema uongo."

"Nilijua," Nungunungu akasema. "Nilikuona ulivyovitazama vikapu vyako, nikakusamehe siku ile ile. Nikakungoja kesho yake. Nikakungoja masika yote, hukuja."

Mnana akakosa pa kuuweka uso. Tangu siku hiyo hufuma kiota cha kuning'inia, mlango wake ukiangalia chini, asionane macho kwa macho na anayepita.

Mnasikia, wanangu? Uwanja wa mwenye nguvu hauwi wako kwa sababu umemsaidia kumfukuza mwenzako. Siku yako nayo itafika, na wa kukutetea utakuwa umeshamfukuza mwenyewe. Na ukikosa, nenda kaombe radhi leo, usingoje kesho.

Hadithi yangu imechoka, naiweka chini; mwenye mkono aiokote.