Jinsi Wiski ya Camasrua Ilivyoingia Moshi

Mmeinusa, na nimewaona mkikunja nyuso. Haidhuru, kila mgeni hukunja uso mara ya kwanza. Wekeni bilauri zenu mezani mnisikilize kidogo, maana wiski hii haikuzaliwa na moshi. Moshi uliingia siku moja, na siku hiyo ina habari yake.

Kabla barabara haijafika upande huu wa kisiwa, wiski ya kijiji chetu cha Camasrua ilikuwa nyepesi na safi. Ukiimimina ilifanana na maji ya chemchemi, na harufu yake haikuzidi ile ya mkate wa moto. Aliyeipika aliitwa Marsaili, mwanamke mrefu, mkali wa maneno, mwenye pua iliyosifiwa mpaka visiwa vya jirani. Shayiri aliiloweka, akaitandaza sakafuni ikachipua, na ilipokuwa kimea aliikausha juu ya tanuri kwa kuni zilizoletwa na meli kutoka bara, kuni kavu hata zikiwaka huoni moshi.

Majirani zake walipikia udongo mweusi wa bwawani, ule unaokatwa vipande kama matofali na kuanikwa mpaka uwake kama kuni. Marsaili hakuutaka karibu na kazi yake. Una moshi mzito, na ule unaochimbwa kando ya ufuo una mwani na chumvi ndani yake. Ukiungua hunuka kama nyavu zilizoshika moto. Kila upepo ulipogeuka alimfokea jirani yake, mjane aliyeitwa Beathag.

"Bibi Beathag, funga mlango wako! Unanichafulia kimea!"

"Wewe funga pua yako, mwanangu," Beathag alijibu, na mlango akauacha wazi.

Watu walimvumilia Marsaili kwa sababu wiski yake ndiyo iliyowalisha. Ardhi ya hapa ni mawe, mnaiona. Kila baridi ilipoisha nahodha mmoja alikuja kutia nanga, akachukua mapipa na kuacha unga, chumvi na kamba. Nahodha alitaka wiski safi. Mwaka ambao wiski ingeharibika, watu wangekula viazi na samaki mpaka wavichukie.

Basi, mwaka mmoja, mavuno yalipokwisha, kulikuwa na harusi kisiwa cha pili. Karibu kijiji kizima kiliingia kwenye mashua kubwa kwenda kucheza. Torkil, mume wa Marsaili, ndiye aliyeshika usukani. Binti yao Seonag alikwenda, amevaa shali ya mama yake. Ruairidh, mtoto wa pekee wa Beathag, alikuwa miongoni mwa wapiga makasia. Marsaili alibaki, kwa kuwa kimea cha mwaka mzima kilikuwa sakafuni, na kimea hakingojei mtu: kikipitisha siku yake kimekwisha. Beathag naye alibaki kwa sababu ya magoti.

Siku ya kurudi kwao, mchana, ukungu ulishuka. Mimi nimezaliwa hapa na nimeuona ukungu wa kila aina, lakini ule, walivyousimulia, ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu aliyenyoosha mkono hakuviona vidole vyake. Manyunyu yalianguka pamoja nao. Marsaili aliacha kila kitu akakimbilia ufuoni. Wazee na wanawake wachache waliobaki walikuwa tayari wamejaribu kuwasha moto, na manyunyu yakauzima. Wakapiga kengele ya kanisa.

Ndipo wakasikia mashua. Watu wale walikuwa wakiimba nyimbo za harusi ili wasiogope. Sauti ilikaribia, Marsaili akaitambua ya Seonag kati yao, na moyo ukamtulia. Kisha sauti ikaanza kwenda kando. Ilikwenda kaskazini, polepole, kuelekea kule kwenye miamba tunayoiita Meno, ambako mashua nyingi zimevunjika.

"Wanakwenda wapi?" Beathag aliuliza. "Hawasikii kengele?"

"Wanaisikia," alisema Marsaili. "Wanaisikia ikigonga jabali la kule kaskazini na kurudi. Wanaifuata ile ya kwenye jabali. Nyamazisheni kengele!"

Walinyamazisha. Wakapaza sauti, wakaita majina mmoja mmoja, na jabali likayaita majina yale yale kutoka upande wa pili. Huko baharini kuimba kukakoma.

Marsaili aligeuka akaanza kukimbia bila kujua anakwenda wapi, na hatua chache tu alipotea. Njia aliyoipita tangu utotoni hakuiona. Alisimama katikati ya weupe ule, machozi yakimtoka, akavuta pumzi, na puani mwake ikaingia harufu aliyoichukia kuliko zote: jiko la Beathag. Upepo mdogo ulikuwa ukishuka kutoka mlimani kwenda baharini. Akajua mara moja nyumba ya Beathag iko wapi, na kwa hiyo akajua mahali pa kila kitu kingine.

Alirudi ufuoni akifuata sauti za watu. "Jicho halioni na sikio linadanganywa," aliwaambia. "Pua haijadanganywa bado. Leteni udongo. Ule wa ufuoni, mbichi, wenye mwani. Pelekeni tanurini kwangu."

Watu walitazamana. Tanuri lile lilikuwa na paa lisilopitisha manyunyu, na dohani ndefu kuliko jengo lolote kijijini. Moshi wake ungetoka mwingi na kwenda mbali. Lakini juu yake, kwenye sakafu yenye matundu, ndipo alipokuwa amekihamishia kimea chote kikauke. Kukitoa kungechukua muda mrefu, na kukiweka nje kungekuwa kukilaza kwenye maji.

"Marsaili," Beathag alisema taratibu, akamshika kiwiko. "Huo ni mwaka mzima. Nahodha hataugusa."

"Bibi, mwanao yumo ndani ya ukungu ule na wangu yumo. Shika kikapu."

Waliubeba udongo kwa vikapu, kwa aproni, kwa mikono. Tanuri lilikataa kidogo, likakohoa, kisha likashika. Moshi ulipanda kimya kupitia kwenye kimea, ukatoka kwenye dohani, mzito, wa manjano, ukanyooka kwenda baharini. Wote walikohoa. Marsaili aliendelea kulisha moto hadi nyusi zikaungua.

Kwenye mashua, Torkil alikuwa ameshasikia maji yakipasuka kwenye Meno, na hakujua yako mbele au nyuma. Aliamuru makasia yainuliwe. Ruairidh ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Nanusa nyumbani kwetu," alisema.

"Unaota," mtu alimwambia.

"Siyo kuota. Ni udongo wa mama. Lakini mwingi, kama vile kijiji kizima kinaungua."

Torkil alinusa, akageuza usukani kuielekeza pua ya mashua pale harufu ilipotokea. Ilipopungua aligeuza tena mpaka ikarudi. Walivuta makasia hivyo mpaka kokoto zikakwaruza chini ya mashua.

Marsaili alisikia kokoto. Alitoka tanurini mweusi kama chungu, akamkumbatia Seonag kwa nguvu hata yule binti akalia kwamba anaumia. Beathag, mwenye magoti mabovu, aliingia majini mpaka kiunoni. Watu walihesabiana, wakahesabiana tena, na hakupungua mtu. Kisha wakaanza kucheka, na hawakuweza kuacha.

Kimea kilikuwa kimeharibika, bila shaka. Torkil alisema kipikwe hivyo hivyo, kuliko kukitupa. Marsaili alikipika bila kuonja, na kwa aibu hakuyaweka mapipa kwenye ghala lake safi. Aliyasukuma kwenye banda kuukuu la mashua, ambako mawimbi hurusha chumvi mpaka mlangoni. Yakalala huko baridi nzima.

Nahodha alipokuja alionja, akatema. "Mama, nimelamba mashua iliyoungua!" Akatoka nje. Watu wakauwaza unga. Baada ya muda alirudi na bilauri tupu mkononi, akaomba nyingine. Aliinywa amesimama mlangoni, polepole.

"Sijui hii ni nini," alisema. "Lakini nikiinywa najiona kama nimefika nyumbani." Akachukua mapipa yote.

Na tangu siku hiyo kimea cha Camasrua hukaushwa kwa udongo wa ufuoni, na mapipa hulala karibu na mawimbi, ndiyo maana mnaonja moshi kwanza na chumvi baadaye. Siku hizi mashua zina mitambo ya kuonyesha njia hata gizani. Hata hivyo, ukungu ukishuka, mtu wa zamu huwasha tanuri, hata siku ambayo hakuna punje ya kukausha. Juzi kijana mgeni kazini alimwuliza mwenzake kwa nini wanateketeza udongo bure.

Mwenzake hakuinua kichwa. "Kuna watu huko baharini," alisema, akaongeza kipande kingine.