Kiboko na Neno la Kesho

Enyi mliokusanyika hapa, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa mapenzi. Enyi mliowahi mkeka na enyi mnaoegemea ukuta kwa kuchelewa kwenu. Naomba masikio yenu, na mwenye karanga azitafune taratibu. Nimekuja na kisa cha usingizi: jinsi ulivyopotea, na jinsi ulivyopatikana.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ajira, wake wenye ulimi na viti vyao kanisani, aliishi Pimbi. Mwili wake ulikuwa mdogo, mbio zake nyingi, na siku hizo alikuwa bado na mkia. Tena mkia wa haja, ambao mkewe aliuchana kila Jumapili kabla ya ibada.

Pimbi alikuwa mchochea moto katika tanuru la matofali la Mzee Kiboko. Rafiki yake Ngiri alikanyaga udongo. Wengine walifyatua, wengine wakaanika. Kiboko mwenyewe alishinda mtoni, maji yakimfika puani, akisimamia kazi kwa jicho moja. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na benchi la mbele lilikuwa lake peke yake: kwanza kwa heshima, pili kwa sababu mengine alikwisha kuyavunja.

Sasa Mzee huyu alikuwa na tabia. Jua likikaribia kuzama, wafanyakazi wakinawa mikono waende zao, maji yalifumuka: bwabwabwa! Kikatokea kichwa.

"Pimbi!"

"Naam, Mzee! Shikamoo, Mzee!"

"Kesho nina neno nawe."

"Neno gani, Mze..."

Chubwi! Kichwa kimezama. Likabaki povu, na povu halijibu maswali.

Nyumbani kwake mwambani, mkewe, Mama Tumsifu, alimwekea ugali na mlenda. Pimbi akautazama ugali kana kwamba nao una neno naye.

"Baba Tumsifu, kula."

"Sili, mke wangu. Mzee ana neno nami."

"Neno gani?"

"Ningelijua ningekula!"

Akajilaza, akaanza kujishtaki. Labda ni lile tofali bichi nililolikalia. Labda ni siku ile alipopiga mwayo, nami nikacheka. Labda napumua kwa sauti. Tumbo likanguruma: ngruu, ngruu! Hofu ilipomfika kooni akapiga ukelele uliovuka bonde zima: "Kweee! Kweee!" Majirani wakageuka vitandani mwao, wakasema, "Pimbi kaitwa tena na bosi."

Asubuhi alifika kazini kabla ya jogoo kuwika. Akapuliza moto: puu! puu! Kiboko kimya. Mchana kimya. Jioni, bwabwabwa!

"Ngiri! Kesho nina neno nawe."

Chubwi!

Na neno la Pimbi? Halikutajwa, wala siku hiyo wala siku iliyofuata.

Ndivyo zamu ilivyozunguka. Leo huyu haendi kulala, kesho yule hali chakula, na kila asubuhi wote hufika gizagiza, macho mekundu, wakifyatua matofali kama waliotumwa na radi. Ngiri, ambaye hula akiwa amepiga magoti, hata haijulikani anapokula na anaposali, akatunga ubeti, nao wakauimba chini kwa chini wakikanyaga udongo:

Bwana wetu wa majini, neno lake ni la moto,
Hututupia jioni, chubwi! akarudi mto,
Nasi tukenda nyumbani, usingizi huwa ndoto,
Neno hili lina nini, mbona leo halisemwi?

Siku moja Pimbi, baada ya kukesha tena, alisimama mbele ya tanuru akiwa na gogo mkononi. Kope zikawa nzito. Kichwa kikainama, kikainuka, kikainama. Akaketi kidogo tu, apumzishe magoti. Akaketi juu ya makaa.

Chwaaa!

"Mama yangu wee! Mkia! Mkia unawaka!"

Walipommwagia maji, mkia haukuwapo. Wapo wanaosimulia mengine kuhusu mkia wa pimbi. Waacheni, hawakuwepo tanuruni. Na Kiboko, aliyesikia kelele, alitoa kichwa, akasema, "Pimbi, Jumatatu nina neno nawe," akazama.

Mama Tumsifu alimpaka mumewe asali pale palipobaki uchungu.

"Leo ni mkia, Baba Tumsifu. Kesho itakuwa wewe mzima, nami nitabaki na watoto na chungu cha majivu. Umesali lakini?"

"Nimesali mpaka magoti yameota sugu."

"Umeomba nini?"

"Nimesema, Bwana, Kiboko apaliwe na maji."

"Hiyo si sala, hiyo ni fitina. Nisikilize. Kuanzia leo aproni yako haiingii humu ndani. Utaitundika kwenye mwiba ule wa nje, useme, 'Bwana, kazi nimeifikisha hapa. Usiku ni zamu yako, maana wewe husinzii.' Kisha uingie, ule, uwaulize watoto habari zao, ulale."

"Na hofu ikinifuata mpaka ndani?"

"Itaje kwa jina, useme unaogopa nini hasa. Lile uwezalo, lifanye asubuhi kabla ya mengine. Lile usiloliweza, mwachie aliyeumba viboko. Sijui alikuwa na maana gani, lakini ni wake. Na Mzee akisema ana neno, muulize pale pale ni neno gani."

"Si anazama!"

"Basi tafuta mahali asipoweza kuzama. Mungu alikupa kichwa na mkia. Mkia ndio huo umekwisha."

Jioni ile Pimbi alitundika aproni mwibani, akasali, akaingia. Akatoka kuangalia kama aproni bado ipo. Akaingia. Akatoka tena.

"Unamlinda Mungu asiibiwe?" mkewe akauliza.

Akaingia, akalala kwa vipande. Jioni iliyofuata alisali tena, akazitaja hofu zake moja moja kwa sauti, nazo zilipotajwa zikaonekana ndogo, kama kuku aliyenyeshewa. Akala ugali wote, akaramba na mwiko. Akalala fofofo! Na kichwa kilichopata usingizi, wapenzi wangu, ni shamba lililopata mvua: asubuhi wazo lilikuwa limekwisha kuota.

Akaenda mbio kwa Mchungaji Kunguru. Mnamjua Kunguru: joho jeusi, kola nyeupe shingoni. Wachungaji wengine huisomea kola. Yeye alizaliwa nayo. Alimkuta juu ya paa la kanisa, mdomo umejaa punje za mahindi.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Je, una neno lolote na Mzee Kiboko?"

"Ninalo," alisema Kunguru, akimeza haraka. "Nataka Jumapili asome somo."

"Nimpelekee habari?"

"Mpelekee. Mwambie nina neno naye Jumapili, mengine nitamweleza mwenyewe. Nina shughuli hapa."

"Kama ulivyosema, Mchungaji, ndivyo nitakavyosema. Sitaongeza hata nukta!"

Huyo mbio hadi mtoni. Akasimama juu ya mwamba wenye ufa, akapaza sauti: "Mzee Kiboko! Mchungaji amesema Jumapili ana neno nawe!"

Bwabwabwa! "Neno gani?"

Fyuu! Pimbi kaingia ufani.

"Pimbi! Nimekuuliza, neno gani?"

"Nimekwisha kuzama, Mzee," ilijibu sauti kutoka ndani ya jiwe.

Kiboko akaingiza pua ufani, pua haikuenea. Akazama, akaibuka. Akazama, akaibuka. Siku ile hakwenda malishoni. Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama kando ya tanuru, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, miguu ikiwa mikavu.

"Pimbi, mwanangu. Alipolisema hilo, uso wake ulikuwaje?"

"Mweusi, Mzee."

"Ee Mungu! Alitabasamu hata kidogo?"

"Ana mdomo wa kutabasamu yule?"

"Alimalizia vipi?"

"Alisema, 'Kwaa.'"

"Kwaa!" Kiboko akashika shavu. "Kwaa ya namna gani? Ya huruma au ya hukumu?"

"Mimi mchochea moto tu, Mzee. Mambo ya kwaa waulize waliosomea theolojia."

Kufikia Jumamosi Kiboko alikuwa amepungua hata shingo ikaanza kuonekana. Ngiri, aliyekuwa akikanyaga udongo, akamnong'oneza Pimbi: "Bwana wee, mbona leo hakuna aliyetupiwa neno?"

"Analo lake linamtosha."

Lazima niwaambie jambo moja juu ya Ngiri. Mwezi ule alikuwa ametengwa na meza ya Bwana. Shamba la viazi la akina mama wa kanisa lilikutwa limeliwa lote, na kwa kuwa Ngiri ana meno ya kuchimbia, hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akiimba pambio kwa sauti ya chini.

Jumapili ikafika. Kanisa likajaa. Kiboko aliingia, kofia yake mkononi, akitembea kama anayekwenda kung'olewa jino, akaketi benchi la mbele. Kunguru akapanda mimbari, akakung'uta joho, akasoma matangazo, kisha akasema kwa upole, "Sasa, wapendwa, lipo neno nililotaka kuwa nalo na Mzee wetu..."

Krraaa! Benchi lilivunjika, Kiboko akiwa amekwisha kusimama.

"Basi, Mchungaji, basi! Nitasema mwenyewe! Viazi vya akina mama nilivila mimi! Ngiri mmemtenga bure! Nyayo zilikuwa zangu, nikazifuta kwa tumbo!"

Kanisa zima likageuka kumtazama Ngiri mlangoni.

Kunguru akapepesa macho. "Mzee... mimi nilitaka tu utusomee somo la leo."

"Somo?"

"Lile la maua ya kondeni, tusiihangaikie kesho. Kwamba tuwatazame ndege wa angani, hawapandi wala hawavuni..."

"Kupanda hawapandi," ilisema sauti ya Ngiri kutoka mlangoni, "lakini kuvuna, Mchungaji, tumewaona!"

Kicheko kikalipuka: kwa, kwa, kwa! hata mzee wa sadaka akadondosha kapu. Kiboko peke yake hakucheka. Akageuka polepole, macho yake yakamtafuta Pimbi mpaka yakampata.

"Wewe! Ulijua!"

Moyo wa Pimbi ukapiga: du! du! du! Ufa wa kuingia haukuwapo. Akafumba macho, akasema moyoni, "Bwana, zamu yako," akayafumbua, akasimama juu ya benchi ili afike angalau kwenye goti la Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Nilijua ulitumiwa neno lisilo na maelezo. Nilidhani umezoea, maana sisi unatutumia kila jioni. Nami nimeahidiwa langu Jumatatu. Naomba unipe leo. Hapa ni sakafu ya saruji, Mzee, hapazamiki."

Kiboko akatazama chini. Kweli, saruji tupu. Akatazama kulia, akatazama kushoto: kila mfanyakazi wa tanuru amesimama, na kila mmoja anasubiri neno lake.

"Neno langu gani?" akauliza mmoja.

"Na langu la mwaka juzi?" akauliza mwingine.

Kiboko akafungua kinywa chake kikubwa, akakifunga, akakifungua tena, safari hii kidogo.

"Sina neno," akasema. "Sikuwahi kuwa nalo. Mwenye hofu huamka mapema. Nikaona ni faida. Marehemu baba alinilea hivyo hivyo."

"Na wiki hii umelalaje, Mzee?" akauliza Pimbi.

"Sikulala. Hata majani yamenishinda. Tumbo lina sauti."

"Ngruu, ngruu?"

"Hiyo hiyo!"

"Pole sana, Mzee," alisema Pimbi, na ajabu ni kwamba alimaanisha. "Aproni huna, lakini kofia unayo. Mke wangu atakuonyesha mwiba."

Wazee wa kanisa wakakata shauri pale pale: Ngiri arudi mezani leo hii na kuombwa radhi kwa sauti, Kiboko apande viazi upya kwa mikono yake, na mwenye neno alitoe siku ile ile, kidevu kikiwa juu ya maji mpaka swali lijibiwe. Kunguru akainua mabawa abariki.

"Mchungaji," alisema Mama Tumsifu, akisimama, "kabla hujafunga ibada: nami nina neno nawe. La mahindi."

Puruuu! Kunguru huyo dirishani! Ibada ile ilikwisha bila baraka.

Jumatatu jioni, wafanyakazi wakinawa mikono, maji yakafumuka: bwabwabwa!

"Pimbi! Kesho nina..."

"Leo, Mzee!" wakasema wote kwa pamoja.

Kiboko akameza mate. Kidevu kikabaki juu ya maji, kikitetemeka kwa kutozoea.

"Nilitaka kusema... pole kwa mkia."

"Ahsante, Mzee. Nimelisikia."

Chubwi, polepole.

Pimbi akaenda zake mwambani, akatundika aproni mwibani, akasema maneno yake kwa Mungu, akaingia kula. Usiku ule majirani waligeuka vitandani mwao wakisubiri ukelele, hata baadhi yao wakakosa usingizi kwa kutousikia.

Basi shikeni hili moja: fanya la leo kwa mikono yako, la kesho litundike kwa Mungu, na atakayekutupia neno, muulize kabla hajazama.

Aliyenisimulia mimi kwa mara ya kwanza, akichambua choroko na aproni yake ikiwa msumarini, ni shangazi yangu Ndelilio.