Mlango wa Uani Uliopigiliwa Misumari

Baba mmoja alikuwa na vita nyumbani kwake, juu ya meza. Msicheke, wapendwa, nasema vita, kwa maana meza yenyewe ilikuwa kubwa kama kitanda, ameitandika kitambaa cha kijani, ina vilima vya mbao na mto wa rangi ya bluu, na juu yake wamesimama Warumi upande huu na watu wa Kartago upande ule, wale wa zamani kabisa, wenye mikuki na ngao na tembo wa vita, kila askari hazidi urefu wa kidole gumba. Jumamosi rafiki zake wanakuja, watu wazima wenye ndevu na vitambi, wanaizunguka meza, wanapima mwendo wa majeshi kwa rula, wanarusha dadu, wanabishana mpaka wanasikika barabarani. Jirani akipita anachungulia dirishani, "Mwanangu, Warumi wako leo wameamkaje?" Naye anajibu, "Wameamka salama, mama, wanajiandaa kufa."

Kuna ubaya gani hapo? Mwanamume ana mchezo wake, anakaa kwake, hanywi, harandirandi. Mkewe hakulalamika. Alikuwa bado binti, na mtoto mmoja tu wa miaka miwili, na mnajua mtoto wa kwanza anavyomfanya mtu, akikohoa yeye, kifua kinakubana wewe.

Sasa wale askari hawakutoka dukani. Baba aliwaunda mwenyewe. Anakwenda gereji, anaomba betri za magari zilizokufa, anazipasua, anatoa yale madini laini ya kijivu yaitwayo risasi, anayayeyusha ndani ya kopo juu ya jiko la mkaa, pale pale koridoni, anayamimina kwenye kalibu, yakipoa anatoa askari, anamkwangua kwa tupa, anampaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Vumbi la tupa likianguka sakafuni, mke anafagia. Moshi ukiingia chumbani, mke anafungua dirisha. Ndiyo maisha ya ndoa, nani kati yetu hafagii vya mwenzake?

Mchana mtoto hakuwa pale. Mama anakwenda kwenye cherehani yake sokoni, na mtoto anashinda kwa jirani, yule mama mtu mzima, mjane, asiyejaliwa mtoto. Kati ya nyua zao palikuwa na kijimlango cha bati, na kila asubuhi utamsikia anaita, "Njoo, mume wangu, uji unapoa na mimi nakuzeekea hapa!" Mtoto anacheka, anapita, mpaka jioni.

Ikaja polepole. Mtoto akaanza kukataa chakula. Tumbo likawa linamkata, analia amejikunja. Midomo ikapauka. Halafu, na hapa ndipo mama yake alipoogopa hasa, maneno yakaanza kumpotea. Alikuwa ameshajua kusema maji, na baba, na bibi, na nipe. Ikapotea nipe. Ikapotea maji. Unamwita jina lake anakutazama kama umekosea nyumba.

Ungemshuku nani? Tuseme kweli hapa mbele za Mungu. Tumbo linamuuma, na mchana anakula kwa nani? Wanawake wa sokoni hawakumsubiri amalize hata kueleza. "We dada," wakamwambia, "yale macho ya huyo bibi umeyaona yalivyo mekundu? Na hana mtoto wake. Asiye na wake anamtakia nini wa kwako?" Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa kukaanga samaki kutwa, na mama wa mtoto alijua. Alijua kabisa. Lakini hofu ikishaingia ndani haikuulizi unajua nini.

Akarudi nyumbani, akamkuta mumewe anamkwangua Mrumi.

"Baba, mtoto haendi tena kule."

"Kule wapi?"

"Kwa yule bibi. Wewe unaona tembo wako tu, mwanao huoni anavyokwisha?"

Yule baba akaweka tupa chini. Hakuwa mtu mbaya, nasema tena, hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, kisha akasema kama jemadari, "Basi. Adui anazuiwa langoni." Akachukua nyundo, akaupigilia ule mlango wa bati misumari, na kila pigo lilisikika upande wa pili, ambako mtu alikuwa amesimama na bakuli la uji.

Tangu hapo mama akahamishia cherehani nyumbani, na mtoto akawa ndani kutwa. Anatambaa koridoni, anacheza chini ya meza, anaokota vinavyodondoka. Jioni wanapiga magoti wote wawili na kuomba kwa sauti, na yule mama anaomba ameuelekea ukuta wa jirani: "Moto umshukie adui wa mtoto huyu, Bwana! Popote alipo! Hata kama yuko karibu!" Akafunga, akakonda. Baba naye kwa wasiwasi akazidi kuyeyusha na kukwangua, maana kuna mtu akiogopa anasali, na kuna mtu akiogopa anatafuta kazi ya mikono.

Na mtoto akazidi kuwa vibaya.

Wao wakasemaje? Wakasema, tumekosea? La. Wakasema, mnaona, amekasirika kwa kuwa tumeziba mlango, ameongeza nguvu. Wakaongeza na wao. Si ndivyo tulivyo? Dawa isipofanya kazi tunasema kipimo kilikuwa kidogo.

Asubuhi moja mtoto akashikwa na degedege, akakakamaa mikononi mwa mama yake, macho juu. Wakakimbia naye hospitali. Alipotulia, daktari akaanza kumpima, mtoto akalia, na mama kwa kumbembeleza akafungua pindo la kanga, akatoa tembo mdogo wa vita, akampa. Mtoto akamtia mdomoni, kimya.

Daktari akaacha kupima. "Hebu nione hicho."

"Ni tembo tu, daktari, ndiye anayemnyamazisha."

"Mkonga wake uko wapi?"

Yule mama akatabasamu kwa haya. "Ameshautafuna huyu."

Daktari akamkwaruza tembo kwa ncha ya ufunguo. Rangi ikabanduka, chini yake pakang'aa kijivu. "Hiki ni nini?"

Baba akainua kichwa, mara ya kwanza siku ile, na hata akaona fahari kidogo. "Risasi, daktari. Natengeneza mwenyewe, pale pale nyumbani."

Daktari akamgeukia mama. "Niambie, kuna kipindi mtoto alikuwa na nafuu kuliko sasa?"

"Kipo. Mwanzoni. Kabla hatuja..."

"Kabla hamjafanya nini? Alikuwa anashinda wapi?"

Na yule mama akajisikia kwa masikio yake mwenyewe akisema, "Kwa jirani, daktari. Alikuwa anashinda kwa jirani."

Wapendwa, damu ilipimwa, na ilikuwa na sumu ya risasi, ile inayoingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa kidole kilichotoka sakafuni kikaenda mdomoni. Haihitaji mchawi. Mtoto akalazwa, akatibiwa, na siku ya kuruhusiwa daktari akawaambia: "Harudi katika nyumba ile, hata siku moja, mpaka vitu vile vimeondolewa na ndani pamesafishwa kama nitakavyowaelekeza. Mkimrudisha leo, mtamrudisha hapa, na sina hakika nitaweza tena. Mna mahali pa kumpeleka?"

Hawakuwa na ndugu mji ule. Wakatazamana. Kila mmoja aliijua nyumba, hakuna aliyeitaja.

Yule mama akazunguka kwa njia ya barabarani, maana uani hapakupitika. Akabisha hodi. Jirani akafungua, mikono ina unga wa kukaangia samaki, hakusema karibu, hakusema ondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na baba yake, pale nje. Mama, nimekuja... mama, sisi tuli..."

"Umekuja kunisalimia mimi au umekuja kumleta mtoto? Kamlete, jua kali hilo."

Yule mama hakuweza kuondoka pale mlangoni. Alitaka kutukanwa kwanza. "Tulikuwa tunakuombea mabaya, mama. Kila jioni."

"Najua. Ukuta ule ni wa matope, nilikuwa nasikia vyote." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilijua adui mnayemsema ni mimi. Lakini mtoto alikuwa mgonjwa. Mkisema Bwana mponye, na mimi huku nikasema amina."

Mtoto yule anaendelea. Maneno mengine yamerudi, mengine bado, daktari hakuwaahidi kitu. Anashinda kule, analala kule.

Na sisi? Sisi tunaojua kuomba kwa sauti? Yule mama aliomba mlango wa wokovu, na Mungu alikuwa ameshaufungua kabla hajaomba, wa bati, uani kwake, na uji upande wa pili, na wao wakaupigilia misumari kwa jina la Bwana. Sumu wakaifungia ndani pamoja na mtoto, wakamwekea ulinzi. Hapakuwa na mtu mwovu mle ndani, walikuwa wazazi wawili wenye hofu. Ni wangapi tumo humu tumemzuia mkwe, tumemzuia wifi, tumemzuia mpangaji mwenzetu, eti tunawalinda watoto, na watoto wanazidi kukauka mikononi mwetu? Umeuliza nyumbani kwako panayeyushwa nini? Maneno gani? Hasira gani? Kitu gani unachokipenda mno hata hukioni tena kuwa ni moshi?

Sasa tutasimama tuombe. Ila mwenzangu, ukifika pale kwenye neno adui, nyamaza kidogo. Usiuelekee ukuta wa mtu. Acha Mungu amtaje mwenyewe.