Kifaru Aliyetaka Milia

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na barabara.

Tukavuka?

Hatukuvuka. Tulieni, mtasikia kwa nini.

Basi ng'ambo hii walikaa Mama Kinyonga na wanawe, na ng'ambo ile ndiko kulikokuwa na maji. Katikati, barabara. Na barabarani, Kifaru, ndi ndi ndi, kutwa nzima anatoka bwawani anakwenda kwenye maboga, anatoka kwenye maboga anakwenda bwawani. Alishampasua Kobe gamba. Jongoo tusimtaje.

Kinyonga roho haikumtulia. Wanawe ndimi zimekauka, na mwendo wake yeye mnaujua: mguu mbele, anasita, mguu nyuma, anasita. Akigusa barabara, ndi ndi ndi, anarudi. Akigusa tena, ndi ndi ndi, anarudi.

Si kwamba sheria haikuwapo. Baraza la wanyama liliipitisha, na Kifaru mwenyewe akaiapia kwa pembe yake: penye pundamilia, mwenye mbio asimame, mwenye miguu avuke. Wakamweka Pundamilia alale katikati ya barabara. Akalala asubuhi moja, akasikia ndi ndi ndi, akaamka, akaenda zake hadi leo. Tangu hapo Kifaru akiulizwa hujibu kuwa yeye ni mtiifu sana, ila pundamilia mwenyewe hayupo, sasa asimame wapi?

Kinyonga akamfuata matopeni alikojilaza, ng'ambo hii hii. Akamwamkia kwa adabu, akamsifia pembe, kisha akashusha pumzi.

"Ila bwana mkubwa, nakuonea huruma. Ukipita wewe, watu wanakimbia. Akilala Pundamilia, watu wanasimama. Kukimbiwa na kuheshimiwa ni mamoja?"

Kifaru akainua kichwa topeni. Sikio likacheza, mkia ukacheza. Ilimuuma kweli kuzidiwa heshima na punda aliyevaa fulana.

"Nipake," akasema.

Kinyonga akachovya mkia kwenye tope jeupe la ukingoni, akapanda. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka Kifaru akawa na milia kuanzia masikioni hadi mkiani. Huyo akaenda kusimama katikati ya barabara aheshimiwe. Ndovu akaja, akasimama. Nyati akaja, akasimama. Kifaru akavimba kwa raha.

Kisha akakumbuka maboga. Akainua mguu.

"Taratibu, bwana mkubwa," Kinyonga akamwambia. "Hapa pana pundamilia. Mwenye mbio asimame."

Kifaru akatazama kulia, milia. Akatazama kushoto, milia. Akasogea hatua moja, pundamilia akasogea naye. Na Ndovu na Nyati, waliomsikia akiapa, wanamtazama tu. Akabaki pale anahema.

"Haya, mwenye miguu avuke," Kinyonga akawaambia wanawe.

Wakampanda upande huu, wakateremkia upande ule. Kobe naye akasukumwa, akapita na gamba lake bovu. Kinyonga akawa wa mwisho: mguu mbele, anasita, mguu nyuma, anasita. Alipofika kileleni akarudi kidogo kuangalia kama amesahau kitu, na Kifaru machozi yakamtoka. Ng'ambo ya pili watoto walikuwa wameshainamia maji, wanakunywa.

Hadithi yangu imevuka, nami nimebaki ng'ambo hii nawangoja ninyi. Na funzo lake mlishike vizuri: wakubwa hutii sheria siku zote, mradi mmeipaka mgongoni mwao.