Nyumba Iliyouzwa kwa Minong'ono

Hapo zamani, enzi za kuta za mawe na chokaa, neno la mfalme lilipokuwa zito kuliko kuta zenyewe, palikuwa na mjane mmoja katika mji wa Magongeni, jina lake Mwanamize, na kazi yake kupika vitumbua. Watu wa mji walimwita zuzu, kwa kuwa neno alilichukua kama lilivyotoka mdomoni mwa mtu. Tajiri mmoja alipata kumfokea kwamba asimwone tena mlangoni pake. Basi kesho yake Mwanamize akapeleka vitumbua kupitia dirishani, na huko huko dirishani akadai malipo yake. Mimi niliyesimuliwa habari hizi sijaona uzuzu hapo, lakini mji ukishamvika mtu jina, kumvua ni kazi.

Mwanamize alikuwa na mapacha, Hasani na Huseni, waliofikia umri wa kuvunja vitu, na Somoe, kitinda mimba wake, ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua vizuri. Wote walikaa chumba kimoja cha kupanga. Ikawa mwenye chumba ataka kumwoza mwanawe, na chumba akakitaka kwa ajili ya maarusi, akamwambia mjane ahame kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Mwanamize akautazama mkufu wake wa dhahabu, ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, akasema heri shingo tupu kuliko watoto kunyeshewa.

Basi akaanza kutafuta nyumba, na anayedhani kutafuta nyumba ni kazi ya miguu hajapata kutoka nyumbani na watoto. Akitaka kutoka, Hasani ana haja. Hasani akimaliza haja yake, Huseni kaficha kiatu. Kiatu kikionekana, Somoe kajitapikia, na nguo ya kumbadilisha bado mbichi kambani. Dalali alimngoja kwenye nyumba ya kwanza hata akachoka, akaiuza kwa mwingine. Ya pili aliiwahi, lakini kisima chake kilikuwa katikati ya ukumbi, wazi, na alipowaona mapacha wakikichungulia kwa furaha, akawashika mikono akarudi alikotoka. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila mwenye nyumba alimsikia Somoe akilia nje, akasema bei imepanda.

Mwisho akapata habari kwamba Sultani Badirudini anauza nyumba ya marehemu shangazi yake, nyumba ndogo yenye ua na paa zima. Akaenda barazani, akaonyesha mkufu, Sultani akakubali mbele ya watu. Lakini siku ile ile mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mtu wa sauti kubwa, akaitaka nyumba iwe ghala lake, akaahidi mali maradufu. Sultani akaona haya kuvunja ahadi, na mali nayo aliitamani. Basi akamwita Mwinyi Dadi, mtunza funguo wake, wakakaa wawili wakatunga masharti.

Mwinyi Dadi akamwendea mjane akamweleza. Mnunuzi aingie peke yake, bila mtoto, kwa kuwa kuta zimepakwa chokaa upya. Aikague nyumba ukuta kwa ukuta na boriti kwa boriti, wala asitoke kabla hajaridhika, maana ikishauzwa lalamiko halitasikilizwa. Tena aikumbuke amri ya Sultani, iliyotolewa tangu watoto wa mji walipoyavamia makomamanga yake: mtoto yeyote asiachwe ila kwa mama yake au kwa baba yake. Jumatatu ndiyo mwisho, na akishindwa, nyumba itakwenda kwa mwingine.

Jirani aliyezoea kumshikia watoto, alipokumbushwa amri ile, akajifungia ndani. Mwanamize akalia kidogo, kwa kuwa mwezi ulikuwa karibu kuandama na hakujua atawalaza wapi wanawe. Kisha akapangusa uso, akaenda kwa Sultani.

"Bwana wangu," akasema, "masharti nimeyasikia, nami nimetii. Nina swali moja la kijinga. Watoto nikiwaacha kwa baba yao, nitakuwa nimevunja amri?"

Wazee wa baraza wakatazamana, kwa kuwa huyo baba walikwenda kumzika wao wenyewe.

"Kwa mama au kwa baba," akajibu Sultani, akijizuia kucheka. "Wa tatu hayupo."

Mwanamize akashukuru akaenda zake, na baraza ikacheka hata kahawa ikapoa vikombeni.

Jumatatu asubuhi Sultani alikuwa ameketi na wageni waheshimiwa kutoka mji jirani. Mara akaingia Mwanamize, mapacha huku na huku, akainama kwa adabu, akamweka Somoe mapajani pa Sultani, akaomba ufunguo. Sultani akauliza kuna nini.

"Watoto nimewaleta kwa baba yao, Bwana wangu, kama ulivyoamuru," akasema Mwanamize. "Kila Ijumaa mpiga mbiu wako hutangaza sokoni kwamba Sultani Badirudini ni baba wa kila yatima wa Magongeni. Hawa ni yatima, na hapa ni Magongeni. Ikiwa mpiga mbiu hukosea, nitapita sokoni nimsahihishe."

Wageni wakamgeukia Sultani wasikie atajibu nini. Sultani akaona kukataa ni aibu, tena akawaza moyoni, kijumba kile kukikagua kitamchukua muda gani? Akacheka kicheko cha kulazimisha, akaamuru ufunguo utolewe.

Basi Mwanamize akaingia katika nyumba ile, akafunga mlango. Kulikuwa kimya. Tangu azae mapacha hakuwa amesikia kimya kama kile. Akakiogopa kidogo, kisha akakipenda. Akaupapasa ukuta wa kwanza, akaunusa, akaugonga kwa kidole. Akaona hapa patakaa kitanda, pale mtungi, na machozi yakamtoka kwa jinsi alivyokwisha kuipenda nyumba isiyo yake. Kisha akajinyoosha sakafuni ili aitazame dari vizuri, na uchovu wote wa miaka ile ukamwangukia, akapitiwa na usingizi.

Huko kwa Sultani mambo yakawa mengine. Hasani akavaa makubazi ya mfalme akaingia nayo jikoni, akarudi yamejaa unga. Huseni akamwuliza mgeni mkubwa kwa nini ana nywele masikioni, na alipojibiwa akauliza tena kwa nini. Somoe akalia. Wakamletea halua, akaitema. Wakampigia ngoma, akazidi. Askari mmoja mwenye masharubu akamkenulia meno, na hapo kilio kikasikika hadi sokoni. Sultani akatuma mjumbe akamhimize mjane. Mjumbe akamkuta amelala fofofo, akamwamsha.

"Mwambie Bwana wetu niko ukuta wa kwanza," Mwanamize akasema. "Sasa nakagua kama nyumba hii inalalika. Yeye mwenyewe ameamuru nisitoke kabla sijaridhika."

Mjumbe akaenda na majibu, akarudi, akaenda tena. Adhuhuri ikapita. Mwisho Sultani akampokonya Somoe mikononi mwa Mwinyi Dadi, ambaye kanzu yake ilikuwa imelowa na si kwa maji ya kisimani, akaanza kutembea naye huku na huko. Na wimbo aliokuwa akiimbiwa na yaya wake ukamjia, wimbo aliodhani alikwisha kuusahau. Akauimba, kwa sauti mbaya. Somoe akamkamata ndevu kwa ngumi yake, akashusha pumzi, akalala.

Mwanamize aliporudi alasiri alikuta ajabu: baraza imejaa watu na hapana anayesema. Mapacha walikuwa wamelala juu ya zulia la wageni, na wageni wamekaa sakafuni. Sultani, jasho likimtiririka, alikuwa ameketi wima, ndevu zimo ngumini mwa mtoto, akainua kidole akakiweka mdomoni.

Wakati huo huo yule mfanyabiashara wa nafaka akaingia kuulizia ghala lake, akatoa salamu kwa sauti ile ile anayowaitia wapagazi. Somoe akajipinda, akakunja uso. Baraza yote ikamgeukia mtu yule kwa macho ambayo hata mwizi wa viatu msikitini hajapata kutazamwa nayo, na askari wawili wakamtia mikono makwapani wakamtoa nje kabla hajaimaliza salamu yake.

"Umeridhika?" Sultani akanong'ona.

"Kuta na dari nimeridhika nazo," akanong'ona Mwanamize. "Limebaki jiko, na choo, na ua. Kesho nitawaleta watoto mapema zaidi, Bwana wangu, nipate nafasi ya kutosha."

Sultani akafumba macho. "Hapana kesho. Nyumba chukua."

"Kwa mkufu ule ule?"

Mwinyi Dadi akafungua kinywa ataje mali ya mwenye nafaka. Sultani akamtazama, na kinywa kikafungika chenyewe.

"Kwa mkufu ule ule. Chukua, mama, na useme polepole."

Ikawa hiyo ndiyo biashara pekee katika habari za Magongeni iliyofungwa kwa minong'ono. Mashahidi wakanong'ona kuwa wameshuhudia, kadhi akanong'ona dua, na watu wakaitikia amina kwa midomo tu. Mwanamize akauvua mkufu taratibu usije ukalia, akauweka juu ya mto, akapokea ufunguo. Akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili kwa furaha. Kisha akanyoosha mikono amchukue mwanawe.

"Mwache kidogo," akasema Sultani. "Ndiyo kwanza amelala."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaona alipofikishwa, yeye aliyeketi na kutunga masharti, na kicheko kikampanda. Akajitahidi kukizuia, tumbo likatikisika, ndevu zikatikisika, na ngumi iliyozishika ndevu ikatikisika nayo. Somoe akafumbua macho, akamtazama. Na Somoe akaangua kilio, kilio cha mtu aliyepumzika vizuri, wageni wakakimbilia viatu vyao.

Mwanamize akahama wiki ile, na mwezi wa Ramadhani ukaandama akiutazama kutoka ua wake mwenyewe. Amri ya watoto ikafutwa. Mkufu nao ulirudi siku ya Idi, umefungwa katika kitambaa, mjumbe akisema ni wa Somoe atakapokuwa mwari. Lakini kabla ya hayo yote, Ijumaa ya kwanza, watu wa sokoni walisikia sifa za Sultani zimebadilika neno moja. Mpiga mbiu hakumwita tena baba wa kila yatima wa Magongeni, alimwita babu. Maana babu hucheza na mtoto vizuri sana, na mtoto akianza kulia, humrudisha kwa mama yake.