Ungo wa Bibi Nanzia

Kipaacho kikipotea, kitafute kilipopaa.

Mnaisema methali hii kila siku, halafu leo ndiyo mnaniuliza ni ya mababu wa lini. Nakiete ameharibu sweta analofuma, shangazi yake akamtupia methali hiyo, naye akaja kwangu amenuna, na ninyi wengine mkamfuata na ndoo zenu za tangawizi. Haya, kaeni. Osheni tangawizi huku mnasikiliza, kazi haizibi masikio. Na mjue kwanza kwamba si kila methali imetoka kwa watu waliokufa zamani. Wenyewe wa hii wapo, mnakutana nao sokoni wakinunua sabuni. Ilizaliwa kwenye harusi moja, hapa hapa Ngulunde, na ilianza hivi.

Kulikuwa na binti akiitwa Nakijwa, aliyekuwa akifanya kazi Same mjini kwenye duka la kutoa kopi. Jirani na duka hilo alikuwapo fundi wa video, Elinihaki, mtu mpole, mwenye droni. Nakijwa aliitamani ile droni mpaka akawa hali chakula cha mchana, anakwenda kuitazama ikipanguswa. Elinihaki akamhurumia, akamfundisha wiki tatu kwenye uwanja wa mpira. Akajua kuipaisha, kuizungusha na kuitua. Yale mengine, yaliyoandikwa kwa maandishi madogo kwenye kioo cha simu, aliyaruka. Alisema atayajua mbele kwa mbele.

Jambo moja alilishika: kwamba droni ikipoteza mawasiliano haipotei ovyo, inapanda juu kuliko miti na vilima, kisha inarudi yenyewe. Akaridhika. Hakuuliza inarudi wapi. Kichwani mwake ilikaa kwamba inarudi kwa aliyeshika rimoti, kama mbwa anavyomfuata mwenyewe.

Sasa Namkunda, shoga yake tangu darasa la kwanza, akapata mchumba huko chini tambarare. Namkunda hakuwa na mama. Mama yake alifariki yeye akiwa ananyonya, akalelewa na bibi yake, Bibi Nanzia, wawili peke yao katika nyumba ile ya juu kabisa, penye migomba. Na ukoo wao una mwiko wake. Aliyemlea binti hamsindikizi siku ya harusi, anabaki nyumbani. Na binti akishavuka kizingiti hageuki nyuma, hata akiitwa, hata akidondosha kiatu, mpaka mama mkwe amlishe tonge la kwanza. Akigeuka, wanasema, moyo wake hautakaa kwa mumewe.

Jana yake Namkunda alimshika Nakijwa mkono, wakaenda kusimama nyuma ya jiko.

"Mwenzangu, mimi sitageuka," akamwambia. "Wewe unigeukie. Nataka picha ya kwetu wakati naondoka. Mlango, migomba, moshi wa jikoni. Nikaione huko ninakokwenda."

"Hiyo tu?" Nakijwa akacheka. "Utaipata mpaka uchoke."

Namkunda hakucheka. "Bibi haongei na mimi. Tangu posa ipokelewe ananijibu neno moja moja. Nadhani ana hasira kwamba nashuka tambarare na kumwacha. Kama hatatoka kuniaga, basi angalau nibaki na nyumba."

Nakijwa akaapa kwa jina la marehemu mama wa Namkunda. Kiapo hicho kwetu hakichezewi.

Siku ikafika. Elinihaki alimwazima droni na asubuhi akampigia simu kumkumbusha: asiirushe kabla haijashika mahali pa kurudia, na aipaishe kutoka mahali pasafi. Uani kwa Bibi Nanzia palikuwa na vumbi jekundu la kutosha kuziba pua za ng'ombe. Nakijwa akagonga dirisha la chumba cha bibi, maana mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, akaomba kitu cha kutandika chini. Dirisha likafunguka kidogo, ukatoka ungo wa kupepetea maharage.

"Uuache hapo hapo katikati ya ua, usinipotezee," sauti ya bibi ikasema. "Na hicho kimwewe chako kisinitishie kuku."

Dirisha likafungwa.

Namkunda akaja kuaga mbele ya mlango ule akiwa na shela lake. Akasema, "Bibi, nakwenda." Tukasubiri. Ndani ikajibiwa neno moja, "Nenda." Baba yake mdogo, mzee Mchome, mlinzi wa miiko yote ya ukoo ule, akamshika bega, akamvusha kizingiti cha lango, na binti wa watu akaenda kwenye gari akitazama mbele kama aliyefungwa shingo. Nilimwona akimeza machozi. Mtu akiondoka kwao hivyo, hata keki ya harusi haina utamu.

Nakijwa akaipaisha droni kutoka kwenye ungo. Kuku wakakimbilia chini ya ghala. Yeye mwenyewe akadandia pikapu ya matarumbeta, msafara ukaanza kushuka.

Hapo ndipo utoto wa kazi ulipomponza. Aliona kwenye kioo magari yenye riboni yakipinda kama siafu, watoto wakikimbia kando ya barabara, mashamba ya tangawizi pande zote, akasahau kilichompeleka. Akapiga picha za mbele, mbele, mbele. Nyuma, ilikobaki nyumba ya Namkunda, hakugeuza kamera hata mara moja. Alijiambia, kona inayofuata. Kona inayofuata ikawa ya Kilima Mbwera, barabara ikazama nyuma ya mlima, na kioo kikaganda. Yakatokea maandishi kwamba droni inarudi.

Basi Nakijwa akasimama juu ya pikapu, miguu ameitanua, mikono ameinua juu, anaipokea. Tukapita kona ya kwanza. Tukapita ya pili. Mikono iko juu.

"Dada, unaomba mvua?" mpiga ngoma mmoja akamuuliza, na bendi nzima ikaangua kicheko, tarumbeta likakosa pumzi.

Mpiga ngoma huyo ni mimi, msinitazame hivyo. Nilikuwa na mdomo mrefu kuliko fimbo ya ngoma yangu, na bado ninao.

Tulifika kanisani, mikono ya yule binti imeshuka na uso umeshuka zaidi. Watu wakaingia kwenye ibada, yeye akakaa nje kwenye ngazi akitazama mbingu. Alijua droni ya watu imekwenda na maji. Lakini nilipomkaribia, nikiwa na nia ya kuendelea kumtania, alinena neno lililonifunga mdomo. "Droni nitaifanyia kazi hata miaka mitatu," alisema. "Ile picha ya kwao siwezi kuipata tena. Aliniomba nimgeukie, na mimi sikugeuka."

Nikamwambia ampigie mwenye mali. Aliogopa, nikambembeleza, akapiga, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Fundi, imepotea," akasema. "Nimeingoja, haikuja."

"Ilipaa wapi?" Elinihaki akauliza.

"Niko hapa kanisani, karibu na..."

"Sikuulizi uko wapi, Nakijwa. Nauliza ilipaa wapi."

"Kwa kina Namkunda. Uani. Kwenye ungo."

"Ehe. Na wewe ulikuwa unaingoja wapi?"

"Juu ya gari."

Fundi yule hakumtukana. Alivuta pumzi tu. "Mwanangu, yenyewe haikujui wewe. Haijui rimoti wala harusi. Inajua mahali pamoja, pale ilipoiacha ardhi. Kipaacho kikipotea, kitafute kilipopaa."

Nakijwa aliruka kwenye bodaboda hata kabla ya kukata simu. Nami nikarukia nyuma yake, sijui kwa nini, labda kwa aibu ya kicheko changu. Tukapanda mlima ule watatu kwenye pikipiki moja, tukishuka na kusukuma palipokuwa na utelezi.

Tulimkuta Bibi Nanzia amekaa kwenye kigoda katikati ya ua. Mbele yake ungo, na juu ya ungo kitu kimefunikwa kwa khanga.

"Mmechelewa," akasema. "Kimerudi zamani. Kilikuja kikinguruma, kikasimama hapo juu, kikanitazama, halafu kikashuka taratibu kikakaa kwenye ungo wangu kama kuku anayetaga. Nikakifunika kisiungue jua."

Nakijwa akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake ya harusi. Akafunua khanga. Droni ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Akaikumbatia huku analia, na bibi akamwambia aache kulilia chuma, awahi kwa mwenzake. Nilimwona bibi ana macho mekundu, lakini hakusema ni ya nini, nasi hatukuuliza. Tukaiviringisha droni kwenye khanga ile ile, tukashuka mbio.

Ukumbini kule tambarare watu walikuwa wameshakaa. Maharusi wako mbele, ukutani wametandika shuka jeupe kwa ajili ya projekta. Chakula kilikuwa bado, kwa hiyo Namkunda alikuwa bado hajalishwa tonge, na bado shingo yake ilikuwa imefungwa na mwiko. Nakijwa aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakupata nafasi ya kutazama kilichomo. Mshereheshaji alikuwa amekwisha kutangaza video, akamnyang'anya kadi ya kumbukumbu ya droni, akaichomeka.

Msafara ukaonekana. Watu wakashangilia magari yao. Kisha picha ikazunguka, na Nakijwa akashika kifua, kwa sababu hapo ndipo kioo chake kilipoganda na hakujua kilichofuata. Kumbe droni haikuacha kupiga picha hata dakika moja. Ilipanda juu, ikageukia ilikotoka, na yote ambayo yeye alisahau kuyageukia yakaanza kuja: mashamba, njia ya mtoni, migomba, bati la nyumba, moshi wa jikoni. Namkunda akainuka kidogo kwenye kiti.

Ua ulikuwa mtupu. Viti vimepinduka, mapambo yananing'inia. Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka Bibi Nanzia na fimbo yake, amevaa vitenge vipya ambavyo hakuna aliyejua kwamba amejishonea. Akatembea hadi kwenye kizingiti alichovuka mjukuu wake. Akamwaga maji ya kibuyu barabarani, upande walikokwenda. Halafu, jamani, akacheza. Mwanamke ambaye hakucheza tangu azike binti yake, na magoti yale mnayoyajua, aliinua fimbo juu akacheza peke yake katikati ya viti vitupu, hatua za harusi za kwetu, moja haikukosewa. Video haikuwa na sauti, lakini mdomo wake tuliuona ukipiga vigelegele.

Kisha akaisikia droni. Akatazama juu. Hakukimbia. Droni iliposhuka kuelekea kwenye ungo, uso wake ukajaa shuka lote, analia na kucheka, akaipungia mkono. Akatamka neno, tena mara mbili, na kila mtu ukumbini alilisoma mdomoni mwake. Namkunda.

Namkunda alikuwa analia waziwazi, shela limelowa. "Hana hasira," alikuwa akisema. "Bibi yangu hana hasira na mimi."

Mzee Mchome akasimama, kidole juu. "Tonge bado. Binti ameona kwao kabla ya tonge. Mwiko umevunjwa."

Aliyemjibu ni mama mkwe, mwanamke mfupi aliyekuwa kimya tangu asubuhi. "Shemeji, shingo yake umeiona ikigeuka?"

"Haikugeuka, lakini..."

"Basi hakugeuka. Ni kwao ndiko kumekuja kumtazama. Na mimi mkwe anayependwa hivyo na aliyemlea ndiye ninayemtaka." Akachukua sahani, akamega ndizi, akamlisha Namkunda pale pale, machozi na chakula pamoja.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile nimevisikia mara moja tu maishani. Bendi yetu ilipuliza mpaka midomo ikavimba. Mzee Mchome mwenyewe aliburutwa kucheza, akacheza, miiko yake akaiacha kwenye kiti. Wakamtafuta Nakijwa, wakamkuta amejificha nyuma ya majiko, wakambeba juu juu na vumbi lake mpaka mbele. Mshereheshaji akamuuliza amefanyaje kupata picha ile, maana hakuna fundi Same nzima aliyewahi kuleta kama ile.

Angeweza kujisifu, nani angejua? Akashika kipaza sauti, akasema kweli tupu. "Niliipoteza. Niliitafuta kila nilikokuwa mimi. Fundi wangu akaniambia, kipaacho kikipotea, kitafute kilipopaa."

Mpiga ngoma mmoja akalidaka neno hilo akalipigia mdundo, ukumbi mzima ukaitikia, na tangu usiku ule halijarudi mdomoni kwa Elinihaki, ni la watu wote. Kesho yake mwiko ukiwa umekwisha, Namkunda na mumewe walipanda mlima kumrudishia Bibi Nanzia khanga yake. Ungo hawakuurudisha, kwa sababu haukuwa umetoka uani. Na Nakijwa sasa ana droni yake mwenyewe, haikosi harusi ya huku, na haipaishi mpaka atandikiwe ungo.

Basi, Nakiete, leta hilo sweta. Unaona? Unahangaika na mkono wa sweta, na mkono hauna kosa. Fumua. Fumua tena, mpaka mshono wa kwanza, usione uchungu. Haya, hapo. Hapo ndipo uliporuka kitanzi.

Sasa niambieni wenyewe, shangazi yake alisema nini?

Kipaacho kikipotea, kitafute kilipopaa.