Kodi Isiyonung'unikiwa

Hapo zamani, katika mji wa Mwangazi, walikutana barazani watu hawa: Sultani Shomvi bin Makame, yaani Shomvi wa kwanza, si mjukuu wake mwenye jina hilo; kisha Waziri Mwinchande bin Kombo, Kadhi Alawi bin Omari, Mataka bin Shaha aliyekuwa malenga wa jumba, na Maalim Shekue bin Mbwana, ambaye hakukawia mlangoni kwa kuwa hakuwa na viatu vya kuvua.

Kazi ya Maalim huyu ilikuwa kuwafundisha makarani elimu ya kodi, na kuchunguza kila kodi imewafanya nini walioitoa. Alizijua kodi zote, ila mwenyewe hakuwa na kitu cha kutozwa.

Basi Waziri akasema, "Maulana, nimeshauri kila jiko lenye mafiga litoe pishi ya mtama kila mwezi. Huyu anawaambia makarani kwamba ni kodi mbaya."

"Ni kweli, Maalim?"

"Ni kweli, maulana. Marehemu baba yako alipotoza milango, watu waliiziba wakapita madirishani, hata maharusi. Ukitoza mafiga, majiko yatazimwa, na watoto watalala na njaa."

Sultani akaghadhibika. "Basi nitafutie kitu ambacho watu hunipa kila siku kwa hiari yao. Hicho nitakitoza, wala asinung'unike mtu. Ukishindwa, kodi ya mafiga itapita, na wewe ndiwe utakayeikusanya nyumba kwa nyumba."

"Hekima yako ni bahari, maulana," akasema Waziri.

"Ni jua la adhuhuri," akasema Mataka.

"Haujapata kutokea mfano wake," akasema Kadhi.

Maalim akasema, "Nimekipata, maulana."

"Upesi hivyo?"

"Wamekupa sasa hivi. Toza sifa, pishi moja kwa kila sifa. Humlazimishi mtu, wala hatanung'unika mtu, maana atakayenung'unika amesema hustahili hata pishi ya mtama."

Sultani akamgeukia Waziri. "Wasemaje?"

Waziri akajibu, "Ni shauri jema."

"Jema tu?"

"Jema sana, maulana, nawe kwa busara yako..."

"Pishi moja," akasema Maalim.

Ikawa siku za kwanza ghala likajaa, kisha baraza likanyamaza. Waziri akawa akija huamkia tu na kuketi. Mataka alipoombwa shairi, akaimba habari za mbuzi. Siku moja Sultani akavaa joho jipya la hariri, akamwuliza Kadhi, "Unalionaje?"

"Ninaliona," akasema Kadhi.

Basi Sultani akaagiza Maalim aitwe. "Umewafanya nini watu wangu?"

"Nimewatoza, maulana. Ikiwa wenye maghala wameacha kukusifu kwa ajili ya pishi moja, yule mwenye chungu kimoja ataacha nini?"

Sultani akacheka hata akashika nguzo. Akalifuta shauri la kodi ya mafiga, ile ya sifa akaiacha iendelee, akisema kwamba sasa angalau anasikia watu wanapozungumza. Akampa Maalim ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

Mwaka uliofuata Sultani akataka shauri juu ya kodi ya chumvi, akatuma mtu darasani. Mtu yule akarudi, akasema kwamba Maalim Shekue bin Mbwana alifariki Ijumaa iliyopita, wala hakuacha kitu cha kutozwa ila ng'ombe yule na ndama wake.